Istilahi, Viwango na Usalama wa Vijazio vya Ngozi ya Uso: Funzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya usalama wa vijazio vya ngozi ya uso na istilahi zinazotumiwa kuvieleza kwa Kiswahili. Yanaanza kwa kufafanua dhana, aina na historia ya vijazio, kisha yanaeleza hatari kuu za vitu hivyo na viwango vinavyowekwa ili kuzizuia. Hatimaye yanatathmini maneno yanayotumiwa kwa sasa, yanapendekeza istilahi mwafaka na kuzijaribu katika fomu ya ridhaa. Hoja kuu ni kwamba viwango vya utabibu havimfikii mtu anayedungwa iwapo lugha anayoielewa haijapewa maneno ya kutofautisha kinachoweza kuyeyushwa na kisichoweza kuyeyushwa, kilicho dawa na kilicho kipodozi, ateri na neva.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii imezoeleka kutumiwa kumwonya mtu asihadaiwe na sura ya nje. Katika mada inayoshughulikiwa hapa, methali hiyo yapata maana ya ziada: kilichotiwa ndani ndicho kinachoiumba sura ya nje, na asiyelijua jina lake hatajua la kufanya siku mambo yatakapoharibika.

Urembo wa uso katika pwani ya Afrika Mashariki umekuwa kwa muda mrefu urembo wa kupaka: wanja machoni, liwa mashavuni. Kinachopakwa huweza kuoshwa. Kijazio, kwa upande mwingine, hudungwa chini ya ngozi. Hakioshwi kwa maji, na aina nyingine haziwezi kuondolewa ila kwa upasuaji. Tofauti hii baina ya kupaka na kudunga ndiyo msingi wa yote yatakayojadiliwa.

Neno usanifishaji humkumbusha mwanafunzi wa Kiswahili mkutano wa Mombasa wa 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930. Kwa daktari, dhana hiyo hiyo humaanisha kuweka viwango: nani aruhusiwe kudunga, adunge nini, wapi, kwa kiasi gani, na awe na nini mezani kabla ya kuanza. Aghalabu aina hizi mbili za usanifishaji hushughulikiwa katika idara tofauti za chuo. Hata hivyo, hukutana mahali pamoja, nako ni kwenye karatasi ambayo mtu hutia sahihi kabla ya kudungwa.

2.0 Dhana na Aina za Vijazio

Uso unapozeeka, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hupungua na kushuka, mifupa ya uso hupoteza sehemu ya ukubwa wake, na kolajeni, ambayo ni protini inayoipa ngozi uimara, hupungua. Matokeo yake ni mashavu kubonyea, mikunjo kati ya pua na kinywa kuongezeka kina, na midomo kuwa myembamba. Kijazio ni kitu kinachodungwa chini ya ngozi au ndani yake ili kuchukua nafasi ya ujazo uliopotea. Hakirudishi ujana, huziba pengo kwa muda.

Vijazio vinavyotumika sana vinaweza kuainishwa katika makundi manne kwa kuzingatia kilichomo.

(a) Asidi ya hayaluroni. Hii ni sukari ndefu iliyomo mwilini kiasili, katika ngozi, viungo na macho. Ilitengwa mara ya kwanza 1934 na Karl Meyer na John Palmer kutokana na jicho la ng'ombe. Sifa yake kuu ni kushika maji. Ya asili huvunjwa na mwili upesi, kwa hiyo watengenezaji huunganisha minyororo yake ili idumu. Kijazio cha aina hii hukaa kwa takriban miezi 6 hadi 18. Jambo la kuzingatiwa ni kuwa kinaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi.

(b) Kalisi haidroksilapataiti. Haya ni madini yanayofanana na ya mifupa, yakiwa chembechembe ndani ya jeli. Hukaa kwa mwaka mmoja hivi au zaidi, na hayana kimeng'enya mahususi cha kuyayeyusha.

(c) Asidi ya polilaktiki. Hii haijazi moja kwa moja, bali huuchochea mwili utengeneze kolajeni yake wenyewe kwa miezi kadhaa. Nayo haina kiyeyushi.

(d) Vijazio vya kudumu, kama vile chembechembe za plastiki aina ya PMMA. Hivi haviishi. Vikileta uvimbe au vinundu, mara nyingi dawa ya mwisho ni kisu.

Ni bayana kuwa mpaka ulio muhimu zaidi ni ule unaotenganisha kundi la kwanza na mengine matatu. Kosa likitendeka kwa asidi ya hayaluroni, upo uwezekano wa kulirekebisha kwa haraka. Kosa hilo hilo likitendeka kwa plastiki, mtu huishi nalo.

Aidha, yafaa vijazio vitofautishwe na sumu ya botulino, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara Botox. Sumu hii haijazi chochote. Huzuia neva isipeleke amri kwenye msuli, msuli ukalegea, na makunyanzi yanayosababishwa na kukunja uso yakafifia kwa miezi 3 hadi 4. Hatari zake si hatari za vijazio, wala hayaluronidezi haiwezi kuiondoa.

3.0 Historia Fupi ya Viwango

Historia ya vijazio ni historia ya vitu vilivyosifiwa kwanza na kuchunguzwa baadaye. Mnamo 1893 daktari Mjerumani Neuber alihamisha mafuta kutoka mkono wa mgonjwa hadi usoni ili kujaza kovu. Miaka michache baadaye, Robert Gersuny wa Vienna alianzisha udungaji wa mafuta ya madini, na parafini ikaenea kama tiba ya pua zilizobonyea na mashavu yaliyokonda. Parafini ilihama mahali ilipodungwa, ikazusha vinundu vigumu na kuharibu nyuso ilizokusudiwa kupendezesha. Silikoni ya majimaji ilifuata njia iyo hiyo katika karne ya 20. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijawahi kuidhinisha silikoni hiyo kwa kujaza uso au kunenepesha mwili.

Hatua ya kwanza ya uidhinishaji rasmi ilifikiwa 1981, FDA ilipokubali kolajeni ya ng'ombe. Kwa kuwa baadhi ya watu walipatwa na mzio, kipimo cha ngozi kilitakiwa kufanywa kabla ya kudunga. Hicho kilikuwa kiwango kwa maana halisi ya neno: hatua ambayo haikuachiwa hiari ya mdungaji. Mwaka 2003 kijazio cha kwanza cha asidi ya hayaluroni kiliidhinishwa Marekani, na kolajeni ya ng'ombe ikaanza kuachwa.

Mwaka 2004 unastahili kutajwa kwa sababu inayoihusu Afrika kwa karibu. FDA iliidhinisha asidi ya polilaktiki kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao mashavu yao yalikuwa yamepoteza mafuta. Upotevu huo ulihusishwa hasa na dawa kama stavudini, ambayo katika mataifa mengi ya Afrika, Kenya ikiwemo, ilikuwa sehemu ya mseto wa kwanza wa matibabu hadi Shirika la Afya Duniani lilipohimiza mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Mashavu yaliyobonyea yalimtangaza mtu kabla hajasema lolote, na unyanyapaa ukafuata. Kwa mtu kama huyo kijazio hakikuwa anasa. Kwa hiyo, msomaji anayedhani kuwa mada hii ni ya wenye fedha za kuchezea hana budi kuitazama upya.

4.0 Hatari: Kuziba kwa Ateri

Madhara mengi ya vijazio ni madogo: uvimbe, michubuko na maumivu yanayoisha baada ya siku chache. Mengine huchelewa, kwa mfano maambukizi au vinundu vinavyojitokeza baada ya miezi. Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni nadra, lakini hutokea kwa dakika. Ni kijazio kuingia ndani ya ateri.

Uso una mtandao mkubwa wa ateri, na baadhi yake huungana na ateri inayolilisha jicho. Ncha ya sindano ikiingia katika ateri ndogo katikati ya nyusi au puani, na bomba likasukumwa kwa nguvu, kijazio huweza kurudi nyuma dhidi ya mkondo wa damu hadi kwenye ateri ya jicho. Shinikizo likiachwa, damu hukisukuma mbele hadi kwenye retina. Mtu hupoteza uwezo wa kuona, mara nyingi papo hapo. Kijazio kikifika kwenye ubongo, huweza kuleta kiharusi.

Kiasi kinachotosha kuleta balaa hili ni kidogo mno. Utafiti wa Khan na wenzake wa 2017 ulipima ujazo wa ateri inayotoka katikati ya nyusi hadi nyuma ya jicho, na wastani wake ulikuwa mililita 0.085. Kwa kawaida bomba moja la kijazio huwa na mililita 1. Kwa hivyo, chini ya sehemu moja ya kumi ya bomba inaweza kujaza njia yote hiyo.

Mwaka 2015, Beleznay na wenzake walikusanya visa 98 vilivyochapishwa duniani vya watu waliopata matatizo ya kuona baada ya kudungwa vijazio. Maeneo yaliyoongoza yalikuwa katikati ya nyusi na puani. Mnamo Mei 2015 FDA ilitoa tahadhari kuhusu udungaji wa vijazio ndani ya mishipa ya damu kwa bahati mbaya. Oktoba 2021 ikatoa onyo jingine, safari hii dhidi ya kalamu zisizo na sindano ambazo hurusha kijazio ndani ya ngozi kwa shinikizo, na ambazo ziliuzwa kwa watu wajitie wenyewe nyumbani.

Retina haivumilii kukosa damu kwa muda mrefu. Madaktari hutaja takriban dakika 90 kuwa ukingo wa matumaini. Hata ndani ya muda huo, wengi waliopofuka hawakurudishiwa macho yao. Ngozi huvumilia zaidi, na ndiyo maana kiasi kikubwa cha hayaluronidezi kikidungwa mapema huweza kuiokoa. Katika hali zote mbili, muda ndio mtaji, na muda hupotea pale mtu asipolitambua analoliona au asipokuwa na neno la kulielezea.

5.0 Viwango vya Utendaji

Viwango vinavyokubalika miongoni mwa wataalamu vinaweza kupangwa katika hatua tatu.

Kabla ya kudunga, mtu huulizwa historia yake: ujauzito, mizio, magonjwa ya kinga, maambukizi yoyote ya ngozi au meno, na vijazio vya zamani. Asidi ya hayaluroni haidungwi juu ya kitu kisichojulikana. Picha hupigwa, na ridhaa huandikwa. Kijazio hutolewa katika pakiti iliyofungwa, na namba ya toleo lake huwekwa katika faili, ili kikipatikana na kasoro waliodungwa wajulikane.

Wakati wa kudunga, ngozi husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Mdungaji anayeijua anatomia ya uso hudunga polepole, kwa shinikizo dogo na kiasi kidogo kidogo. Katika maeneo mengine hutumia kanula, yaani bomba jembamba lenye ncha butu, kwa kuwa haipenyi ateri kwa urahisi kama sindano. Hayaluronidezi huwa tayari chumbani.

Baada ya kudunga, rangi na joto la ngozi hukaguliwa. Ngozi hubonyezwa na kuachiliwa. Rangi isiporudi ndani ya sekunde 2 au 3, kuna shaka. Anayedungwa hupewa maelezo ya maandishi na namba ya simu inayojibiwa usiku na mchana.

Suala la nani aruhusiwe kudunga limejibiwa kwa namna tofauti. Nchini Uingereza, ripoti ya Sir Bruce Keogh ya 2013 ilieleza kuwa mtu anayefanyiwa urembo usio wa upasuaji hakuwa na ulinzi zaidi ya anayenunua kalamu au mswaki. Sheria iliyoanza kutumika England tarehe 1 Oktoba 2021 ilipiga marufuku kuwadunga walio chini ya miaka 18 vijazio au sumu ya botulino kwa ajili ya urembo, na sheria ya 2022 ikampa waziri uwezo wa kuanzisha mfumo wa leseni. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya vifaa tiba ya 2017, uliviingiza vijazio vya uso chini ya kanuni hiyo hata pale visipokuwa na dhamira ya tiba. Marekani huviweka katika daraja la juu kabisa la vifaa tiba.

Nchini Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu hushughulikia dawa na vifaa tiba, ilhali baraza la madaktari na madaktari wa meno husajili madaktari na kutoa leseni kwa vituo vya afya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, humpa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kuwa mhudumu hana budi kumweleza mtu manufaa, hatari, gharama na matokeo ya huduma, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili inapoanza.

6.0 Tatizo la Istilahi

Nadharia ya istilahi, tangu kazi za Eugen Wüster, imesisitiza kuwa katika uwanja mmoja yafaa dhana moja iwe na istilahi moja, na istilahi moja isibebe dhana mbili. Kigezo hiki kikitumiwa kuyapima maneno yaliyopo, udhaifu ufuatao unadhihirika.

6.1 Sindano ya urembo. Katika Kiswahili, sindano ni chombo, ni tendo la kudungwa na pia ni kile kinachodungwa. Msikilizaji anayeambiwa kuwa fulani "alipata sindano" hajui ni dawa gani. Katika tiba ya malaria utata huo huondolewa na muktadha. Katika urembo, muktadha hauusaidii ufahamu, kwa sababu asidi ya hayaluroni, plastiki na sumu ya botulino zote huitwa sindano ya urembo. Mtu aliyedungwa mwaka jana akiulizwa alitiwa nini, hujibu kwa uaminifu, na jibu lake halimsaidii daktari.

6.2 Kipodozi. Kipodozi ni kitu cha kupaka mwilini kwa nje. Kukiita kijazio kipodozi ni kukihamisha, kwa neno moja tu, kutoka kwenye sheria ya vifaa tiba hadi kwenye rafu ya sabuni na losheni. Kosa hili si la mtindo; ni la uainishaji.

6.3 Mshipa. Huenda neno hili ndilo lenye hatari kuliko yote. Kiswahili hutumia mshipa kwa ateri, vena, neva na hata ukano. Isitoshe, mshipa ni jina la maradhi ya ngiri. Fomu inayosema kuwa kijazio "huweza kuathiri mishipa" yaweza kueleweka kumaanisha ganzi ya muda au misuli kukaza. Msomaji hatafikiria upofu. Kiswahili sanifu kimekwisha kupata maneno ateri, vena na neva. Ilivyosalia ni kuyatumia pamoja na maelezo mafupi.

6.4 Kurejesha ujana. Usemi huu si istilahi bali ni ahadi. Istilahi hutaja kitendwacho. Tangazo hutaja kinachotamaniwa. Fomu ya ridhaa iandikwayo kwa lugha ya tangazo humwomba mtu akubali matumaini badala ya tendo.

6.5 Fila. Utohozi ni njia halali ya kuunda istilahi, na Kiswahili kimefaidika nayo pakubwa. Hata hivyo, umbo fila linakaribiana mno kimatamshi na kitenzi cha matusi ambacho mtu mwenye staha hakitamki mbele ya mkwe, sembuse mbele ya daktari. Istilahi ambayo mgonjwa anaona haya kuitamka haiwezi kumwokoa.

6.6 Kizibo. Wapo wanaoweza kupendekeza kizibo kwa kufuata mfano wa kuziba jino. Pendekezo hili linaanguka kwa sababu moja: kuziba ndilo jina la ajali yenyewe. Lugha isiyotofautisha kujaza pengo na kuziba ateri imeifunika hatari kwa jina la manufaa.

Kutokana na tathmini hiyo, makala haya yanapendekeza kijazio, kutokana na kitenzi jaza. Neno hili lina ngeli iliyo wazi (ki-vi), halitusi, na linazalika: ujazaji wa uso, mjazaji, kujaziwa shavu. Linaweza pia kupanuliwa kwa sifa inayotaja yaliyomo: kijazio cha hayaluroni, kijazio cha kalisi, kijazio cha kudumu. Kinyume chake kinajitokeza bila kulazimishwa: kiyeyushi cha kijazio, yaani hayaluronidezi. Sumu ya botulino ibaki sumu ya botulino. Wapo watakaohofu kuwa neno sumu litawatisha wateja, lakini ndilo jina lake la kisayansi, na hofu inayotokana na jina la kweli ni sehemu ya ridhaa.

7.0 Mfano wa Kazi: Fomu ya Ridhaa

Ili kuzijaribu istilahi hizi, matini mbili zilizotungwa kwa ajili ya funzo hili zinalinganishwa hapa chini. Zote mbili zinadhaniwa kuandikiwa mtu anayejaziwa mikunjo ya kati ya pua na kinywa.

Matini ya kwanza: "Mteja atapewa sindano ya urembo ili kurejesha ujana wa uso. Baadhi ya wateja hupata wekundu, uvimbe na matatizo ya mishipa. Mteja anakubali huduma hii kwa hiari yake."

Matini ya pili: "Daktari atakudunga kijazio cha hayaluroni, mililita 1, katika mikunjo itokayo puani hadi kinywani. Kijazio hiki hupungua chenyewe baada ya miezi kadhaa. Uvimbe na michubuko ni kawaida na huisha baada ya siku chache. Ni nadra, lakini kijazio kinaweza kuingia katika ateri, yaani mshipa unaopeleka damu, na kuuziba. Ikiwa hivyo, ngozi inaweza kufa na jicho linaweza kupofuka. Ukihisi maumivu makali, ukiona ngozi imepauka au ina madoa ya zambarau yaliyojichora kama wavu, au macho yakiingia giza, sema papo hapo. Ukiwa umeondoka, rudi au uende hospitalini mara moja, usingoje asubuhi. Kiyeyushi cha kijazio hiki kipo kliniki. Una haki ya kukataa sasa au wakati wowote kabla ya kudungwa."

Matini ya kwanza ni sahihi kisarufi. Mtahini wa lugha hangepata pa kutia wino mwekundu. Hata hivyo, haimwambii mtu anatiwa nini, wapi, kiasi gani, na nani, wala la kufanya hatari itokeapo. Matini ya pili ni ndefu zaidi, lakini hakuna sentensi inayoweza kuondolewa bila mtu kupoteza jambo analolihitaji.

Tofauti nyingine inahitaji jicho la karibu. Matini ya kwanza inataja wekundu; ya pili inataja kupauka na madoa ya zambarau. Maelezo mengi ya kitabibu kuhusu ngozi yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu huweza usionekane kabisa, na kupauka kukawa ukijivu hafifu. Mfasiri anayehamisha neno wekundu kutoka fomu ya kigeni amefasiri neno, lakini hajaufasiri mwili wa msomaji wake. Vivyo hivyo, kipimo cha kubonyeza ngozi hakitoshi peke yake panapokuwa vigumu kuiona rangi. Maumivu na sehemu ya ndani ya mdomo, ambako rangi hudhihirika zaidi, nayo yazingatiwe. Kwa hiyo, kiwango kilichowekwa London au Chicago hakiwi kiwango Nairobi kwa kupigwa muhuri tu, wala istilahi haiwi sanifu kwa kuchapishwa katika kamusi tu. Vyote viwili hujaribiwa kwa mtu anayevitumia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa vijazio vya uso havifanani, kwamba hatari yake kubwa ni kuziba kwa ateri, na kwamba viwango vya kuizuia vinajulikana. Yameonyesha pia kuwa maneno sindano, kipodozi, mshipa na fila huficha tofauti zile zile ambazo viwango hivyo vimejengwa juu yake. Kijazio, kiyeyushi, ateri na neva ni maneno manne tu. Yakikubaliwa na kutumiwa kwa uthabiti na walimu, wanahabari, wafasiri na madaktari, mtu anayelala kwenye kiti cha kliniki ataweza kuuliza swali moja la maana kabla sindano haijamgusa: "Hiki ni kijazio gani, na kiyeyushi chake kiko wapi?" Mdungaji asiyeweza kulijibu swali hilo kwa Kiswahili chepesi hajastahili kuinua bomba.

Maswali ya Kudurusu

1. Eleza kwa nini tofauti baina ya kijazio cha hayaluroni na kijazio cha kudumu ni muhimu zaidi kwa mtu anayedungwa kuliko tofauti ya bei.

2. "Istilahi hutaja kitendwacho, tangazo hutaja kinachotamaniwa." Jadili kauli hii kwa kurejelea mifano mitatu kutoka uwanja wowote wa afya.

3. Tathmini neno mshipa kwa kutumia vigezo vya istilahi, kisha upendekeze namna ya kulitumia katika matini za kitabibu bila kumpotosha msomaji wa kawaida.

4. Andika, kwa maneno yasiyozidi 120, maelezo ya kumpa mtu aliyetoka kujaziwa midomo. Msomee mtu asiye mwanafunzi wa chuo, umwombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa, kisha urekebishe maelezo yako kulingana na jibu lake.